Kaya Moja, Vyungu Vitatu

Jambo lenyewe liligharimu kisima kimoja, ajira ya mtu mmoja na urafiki uliokuwa haujafikisha mwaka. Nimehesabu mara mbili kabla sijaandika, na mara ya pili nikaongeza macho yangu, maana miwani hii niliyovaa ilianzia kwenye kioo cha kompyuta ya mwaka ule. Upande wa faida upo mkataba wa miezi kumi na miwili na feni ya mezani iliyokuwa ikigeuka upande mmoja tu. Ukiviweka sambamba, huhitaji shule kujua kwamba biashara ilikuwa mbaya. Kinachonichosha ni kwamba hasara karibu yote ilikwenda kwa watu wengine, na mimi ndiye niliyekaa mezani kupatana.

Nilikuwa nimeshalizika jambo hilo. Halafu Alhamisi ya wiki iliyopita binti mmoja wa chuo kikuu, anayesomea shahada ya uzamivu ya takwimu, akabisha hodi nyumbani kwangu Mkonze. Alikuwa amenitafuta kwa kupitia watu watatu na namba tano za simu, mbili kati ya hizo zimeshakufa. Akanisalimu shikamoo kwa adabu zote, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayeogopa kulichafua, akakataa soda, akakubali maji. Nilikuwa nachambua maharage. Akafungua kompyuta yake pembeni ya ungo wangu, akauliza, "Samahani mama, wewe ndiye S.M.?"

"Inategemea S.M. amefanya nini."

Akacheka, akanigeuzia kioo. Pale palikuwa na mistari na mistari ya tarakimu, na mwishoni mwa kila mstari herufi mbili: S.M. Mhakiki wa pili. Nilizitambua kama unavyotambua nguo yako ya zamani ikiwa imevaliwa na mtu mwingine sokoni. Binti akanieleza kwamba data zile ziko kwenye intaneti miaka yote hii, kwamba zimepakuliwa na watu wa nchi ambazo mimi nazisikia kwenye mpira tu, na kwamba wote wanazisifu kwa usafi. Yeye sasa anazichanganya na picha za mapaa zinazopigwa kutoka angani, ili kuifundisha programu ikadirie kaya zilizopo mahali ambapo hakuna mtu aliyekwenda kuuliza. Programu yenyewe hakuinunua. Imeandikwa na watu walioko pande zote za dunia, wasioonana, kila mmoja ameongeza kipande chake, wakaiacha huko ichukuliwe. Wala hesabu haifanyiki kwenye ile kompyuta aliyoiweka mezani kwangu. Inafanyika kwenye mashine nyingine kubwa ambazo hajui ziko mji gani.

"Ya bure," nikamwambia, "na hujui ilipo. Sisi Majengo sokoni kitu cha namna hiyo tunakiita cha wizi."

"Mama nawe!" Akacheka mpaka maji yakamwagika. Kisha akasema, bila nia mbaya yoyote, neno lililonifanya niache maharage. "Yaani wewe ndiye mwalimu wake, mama. Programu inajifunza kwako. Mwisho wa mwezi naiweka hewani, halmashauri waanze kuitumia kupangia miradi." Akashusha mistari kidogo, na jina la kijiji kimoja ambacho sijakisahau likapita mbele yangu: kaya themanini na saba. Nikasema naenda kuangalia moto. Jikoni natumia gesi, nayo ilikuwa imezimwa. Nikasimama pale nimeshika kabati, nikarudia mara mbili kile nilichokijua bila kuhesabu: mia moja na kumi na mbili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nauza mitumba, mashati zaidi, na mhasibu wa mradi mmoja wa utafiti alikuja kununua shati akaniona nafungua mtumba, nahesabu nguo mara moja kwa mkono wa kulia na mara ya pili kwa kushoto, namwambia mwenye mzigo kwamba zimepungua nne. Zilikuwa zimepungua nne kweli. Wiki iliyofuata nikawa mwingizaji wa data. Mradi ulipanga nyumba ya makazi Area D, nyumba ya mtumishi aliyehamishwa, na mpaka leo nikisikia neno takwimu naiona nyumba ile kabla ya tarakimu yoyote. Sebuleni kompyuta nne, mbili nzima. Madirishani mablanketi, si kwa ajili ya baridi. Ni kwa ajili ya vumbi, maana vumbi la Dodoma kuanzia Julai haliombi ruhusa ya kuingia. Chumba cha kulala kilijaa magunia ya madodoso, yale makaratasi ya maswali wanayojaza wadadisi vijijini, kila gunia limeandikwa jina la kijiji kwa mkaa. Yalipozidi, hodhi la kuogea likajazwa madodoso ya upande wa Kolo, nyumbani kwetu Warangi, nikawa kila nikienda kunawa mikono nawasalimia majirani.

Mwenzangu alikuwa Yoeli, Mgogo wa Chamwino, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, mrefu, mwenye tabia ya kuongea na karatasi. Kazi ilikwenda hivi: Yoeli anaingiza dodoso kwenye kompyuta yake, mimi naingiza lilelile kwenye yangu bila kuona alichoandika. Mwisho wa siku mashine inalinganisha. Tulipotofautiana, inatoa orodha. Orodha hiyo tuliiita magomvi. Tunachukua karatasi gunia kwa gunia, tunakaa sakafuni, tunasuluhisha.

"Leo tuna magomvi mangapi?"

"Kumi na manne. Kumi na moja ni ya kwako."

"Yoeli, hii ni saba. Nani aliyekufundisha saba ya hivi?"

"Hiyo ni moja, Mrangi. Mdadisi alikuwa anaandikia gotini."

"Watoto saba au mtoto mmoja? Amua, mwanamke huyu anangoja."

Ndivyo tulivyokuwa tukisema, mwanamke huyu anangoja, mzee huyu anangoja, kana kwamba watu wote wa magunia wamejipanga nje ya blanketi la dirisha. Siku isiyo na magomvi tuliiogopa. Yoeli alisema watu wawili wakikubaliana kila kitu, basi mmoja wao hakusoma. Nimeishi na kauli hiyo kwenye ndoa, kwenye vikundi vya akina mama na kwenye kamati ya maji ya mtaa, na sijaona inapokosea.

Saa saba mama wa jikoni alitupakulia ugali wa uwele na mboga ya mlenda, siku za neema na maziwa mgando. Mimi mlenda niliujua wa kwetu, lakini Yoeli alikuwa na sheria zake. Alitaka chungu kikae katikati na sote tuchovye, akikataa sahani. "Sahani ni za watu wasiojuana," alisema. Tukiwa tunakula vile ndipo siku moja aliponieleza jambo ambalo mafunzo ya mradi hayakuligusa. Kwenye kitabu cha maelekezo kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Hayo niliyakariri. "Lakini kwetu," Yoeli akasema, akilamba kidole, "kaya ni boma zima. Mwenye kaya ana wake watatu, kila mke na nyumba yake, chungu chake, ghala lake, watoto wake. Ukimuuliza mzee kaya zako ngapi, atakushangaa. Atasema moja. Ziwe ngapi, kwani yeye ni chifu?"

"Sasa wadadisi wanafanyaje?"

"Wenye akili wanauliza vyungu."

Wadadisi wetu walikuwa na akili. Waliuliza vyungu. Boma la wake watatu likaleta madodoso matatu, na kila dodoso, kwenye mstari wa mkuu wa kaya, likaandikwa jina la yuleyule mume, maana mke gani wa kijijini ataulizwa mkuu wa nyumba yako nani, ajitaje yeye, mume akiwa amekaa palepale kwenye kigoda? Umri wake uleule. Ng'ombe wake walewale, tena idadi ya kuchomoa tu hewani, kwa sababu hakuna mfugaji mwenye akili timamu anayemhesabia mgeni ng'ombe wake.

Hadi katikati ya mwaka data zetu zilisafiri kwa basi. Kila Ijumaa tulimkabidhi kondakta bahasha yenye diski, tukiifunga na paketi ya biskuti ili aikumbuke, na majedwali yalirudi kutoka Dar es Salaam baada ya wiki tatu, mara nyingine na barua ya kusema diski haifunguki. Kisha wakaja mafundi, wakapanda juu ya paa, wakafunga dishi kubwa la intaneti ambalo watoto wa jirani walidhani ni la kuonea mpira. Pamoja na dishi akaja kijana mmoja mtaalamu, suruali imenyooshwa mpaka inakata, mpole, msomi, wala si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu angekuwa mbaya. Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Seva, kwa kuwa ukimuuliza lolote jibu lilikuwa seva, ile mashine kuu ya mbali inayotunza data zote. Data ziko wapi? Kwenye seva. Nani anazisafisha? Seva. Mama wa jikoni alimuuliza Yoeli kama huyo Bwana Seva naye atakuwa anakula hapa, ili aongeze unga.

Sitaki nionekane nakumbuka zamani kwa mapenzi. Siku ya kwanza tulipotuma gunia zima la kazi asubuhi, na kabla ya mlenda majedwali yakawa yamerudi, nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Wiki tatu zilikuwa zimeliwa na saa mbili. Seva alituonyesha wanataaluma wa nchi nyingine wakibishana kwa barua pepe kuhusu namba zilizotoka vidoleni mwangu, mmoja akiuliza, mwingine akimjibu siku hiyohiyo, mwingine akimtumia kanuni ya kukokotolea. Mimi ambaye jana nilikuwa napigania bei ya shati la kola iliyochanika! Nilimwambia Yoeli, "Watu wanatusoma." Yoeli akasema, "Wanatusoma sisi au wanawasoma hawa?" akaonyesha magunia. Nilimwona mtu wa kuharibu sherehe.

Agosti kijiji kimoja cha upande wa Chamwino kikarudi kutoka kwenye seva kikiwa kimekonda. Mradi ulikuwa na orodha ya visima. Vijiji vya kaya mia moja kwenda juu vitachimbiwa, vya chini ya hapo vitangoja awamu nyingine, na kila aliyewahi kungoja awamu nyingine anajua maana yake. Mimi nilikuwa nimehesabu madodoso ya gunia lile kwa mkono, kwa kawaida yangu tu, kabla hatujaanza. Mia moja na kumi na mbili. Jedwali likasema themanini na saba. Nikahesabu tena. Nikamwita Yoeli, naye akadhani ni ugomvi wa kawaida, akaja na karatasi na utani wake. Tulikaa sakafuni asubuhi nzima kutafuta ishirini na tano waliopotea. Yeye ndiye aliyewaona. Alipanga madodoso matatu matatu, mawili mawili, akaweka kidole juu ya mstari wa mkuu wa kaya.

"Ile seva imeona jina moja, umri mmoja, ng'ombe walewale," akasema. "Imesema ni marudio, imefuta. Lakini hawa si marudio. Hawa ni wake."

Boma la kwanza lilikuwa la Mzee Lungwa. Kwenye jedwali alibaki mke mkubwa, Sechelela, na wanawe. Mke wa pili, Mbumi, hayupo. Wa tatu, Nyemo, hayupo, na watoto wake wanne hawapo. Tuliingia kwa Seva wote wawili, karatasi mkononi, tukiwa na hakika kwamba jambo la wazi namna ile litachukua dakika tano.

Alitusikiliza vizuri. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake, alisikiliza vizuri. Akaeleza kwamba kanuni ya kufuta marudio imeandikwa mara moja kwa nchi zote zilizoko kwenye mradi, kila aliyeunganishwa anaitumia ileile, na faida yake ni hiyo hasa, kwamba hakuna wa kujifanyia lake. Akiifungua kwa ajili ya kijiji kimoja, wote watauliza. Kisha akamgeukia Yoeli, kwa udadisi wa kweli. "Kaka Yoeli, wewe ni mwenyeji. Nisaidie. Kwa Kigogo, boma la mzee huyu lingeitwaje?"

Yoeli hakuwa mwongo. "Kaya," akasema.

"Kaya ngapi?"

Nikamwona anasita. "Kaya ni moja," akasema, "lakini vyungu ni vitatu. Ninyi wenyewe mmesema vyungu."

"Basi mashine imekubaliana na lugha yenu," Seva akasema, wala hakuwa anadhihaki. Aliona kweli amewaheshimu wenyeji. Nimekutana na wezi wengi sokoni, lakini sijaona mtu akiibiwa kwa neno lake mwenyewe, akirudishiwa na asante juu.

Siku mbili baadaye Seva akaniita peke yangu. Mpango mpya ulikuwa umefika kwa barua pepe. Kuingiza mara mbili kumefutwa. Programu itajihakiki yenyewe. Wanamhitaji mtu mmoja, si wawili. Kazi ya mtu huyo ni kuingiza mara moja, na mwisho kuweka tiki kwenye kisanduku kidogo chenye maneno: imehakikiwa mara mbili. Bila tiki data haziondoki. Yoeli alikuwa ameulizwa asubuhi, naye amesema hatagusa kisanduku kile mpaka wake wa watu warudishwe. Seva akaniangalia. Hakutaja kijiji. Hakuhitaji.

Hapa ndipo ningependa kuandika kwamba nilishindwa kupumua, au kwamba niliwaza mama yangu. Niliwaza mashati. Niliwaza kurudi Majengo, kuamka na kufungua mtumba, kuitwa dada njoo, dada punguza. Nikaanza kupatana. Mwili ulianza wenyewe, kama mguu unavyojua ngazi. Nikataka mkataba wa miaka miwili, tukakutana mwaka mmoja. Nikataka chumba chenye dirisha, nikapewa feni. Nikataka Yoeli apewe barua nzuri ya sifa, na hiyo nikaipata bila ubishi, jambo ambalo lingetosha kunishtua; kitu unachopewa bila ubishi hakina bei. Nilitoka mle nikijisikia nimeshinda. Nikaketi, nikafungua faili la kijiji kile, nikasoma themanini na saba, nikakumbuka mia moja na kumi na mbili, nikayasoma maneno ya kisanduku polepole. Imehakikiwa mara mbili. Ilikuwa kweli kabisa. Nilikuwa nimehakiki mara mbili, na mara zote mbili haikuwa sawa. Nikaweka tiki.

Yoeli alikusanya vitu vyake bila kelele. Vilikuwa kikombe, rula na koti. Barua ya sifa aliisoma mpaka mwisho, akaikunja. Niliandaa maneno mengi, yakatoka haya: "Ingewekwa tu, Yoeli. Kama si mimi, na mwingine."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilitaka awe mwingine."

Mama wa jikoni aliendelea kupakua chungu kimoja kwa mazoea, nikawa nachovya peke yangu, mpaka nikamwomba anipe sahani.

Kabla mwaka haujaisha nilipanda gari la mradi kwenda kushuhudia kisima kikifunguliwa kwenye kijiji jirani na kile. Nilikaa chini ya turubai pamoja na wageni. Hotuba zilipokuwa zikiendelea, wanawake walipita nyuma yetu na ndoo, wametoka mbali, kwa sababu habari ya maji haingoji awamu. Mmoja, mwembamba, mtoto mgongoni, aliona kitambulisho kifuani kwangu akasimama. "Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, nikaitikia vibaya kama ninavyoitikia siku zote. Akauliza kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, "Ninyi ndio mlikuja kutuandika?" Nikasema ndiyo. "Mimi Nyemo, kwa Mzee Lungwa, nyumba ya mwisho. Yule kijana aliandika watoto wangu wote. Jina langu lipo?"

Ningeweza kusema sijui. Sijui ni neno halali kwenye takwimu, lina hata namba yake ya kuingizia. Nilisema, "Lipo."

"Haya," akasema, akaridhika, akaenda kupanga foleni. Alikuwa mtu wa kwanza wa magunia niliyewahi kumwona akiwa na uso. Baada ya mkataba kwisha sikuomba mwingine. Wala hawakunipa nafasi ya kukataa, maana mwaka uliofuata wadadisi walipewa vifaa vya mkononi, data zikawa zinaondoka kijijini zenyewe, na hata yule mtu mmoja akawa amezidi. Nyumba ya Area D ikarudi kuwa nyumba. Madodoso yaliuzwa kwa kilo. Nilinunua karanga stendi zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wa maswali ya mifugo, nikazila.

Nawatazama vijana wa leo bila wivu. Huyu binti anauliza maswali kwa simu, watu wanajibu kwa kubonyeza, na kabla chai yake haijapoa ana jedwali. Akikosea, mtu wa nchi nyingine anamwandikia kwamba mstari wako wa arobaini una kasoro. Sisi tulikuwa wawili na gunia. Lakini nilipomuuliza Alhamisi ile nani anagombana naye kabla namba hazijaondoka, hakuelewa swali. Akasema data zote ziko wazi, mama, yeyote duniani anaweza kuzikagua. Ni kweli. Yeyote duniani amezikagua miaka yote hii, na wote wamekuta zimekubaliana, kwa kuwa aliyejua zinagombana alikuwa Mkonze anachambua maharage. Nilimsindikiza mpaka barabarani bila kumwambia kitu. Aliahidi kuniweka kwenye shukrani za kitabu chake.

Jana nikaenda Chamwino. Yoeli ana shamba la zabibu sasa, si kubwa, na mvi zimemkaa vizuri kuliko alivyostahili. Nilitarajia hasira, nilikuwa hata nimejiandaa na bei ya kuanzia. Akanipokea kwa "Mbukwa, Mrangi," kana kwamba nimetoka dukani, akamwita mkewe, akanionyesha kwenye simu yake kikundi cha wakulima wanaopeana bei ya zabibu kila asubuhi. Tukala. Chungu kilikuwa katikati. Nikamweleza yote, binti, picha za mapaa, programu inayojifunza kwangu kwamba nyumba tatu zenye mume mmoja ni nyumba moja, na kwamba baada ya mwisho wa mwezi itawafuta wake wa watu vijiji ambavyo mimi wala yeye hatujawahi kufika.

"Kile kijiji kilipata kisima," Yoeli akasema. "Baada ya miaka tisa."

Sikutaka kuhesabu ndoo, nikahesabu.

"Nimefikiria hivi," nikamwambia. "Tuandike sisi wawili. Tuseme mfumo wa zamani ulikuwa na hitilafu, programu ilifuta kwa makosa, basi. Ni kweli, si uongo. Yeye asahihishe, na jina la mtu lisiguswe. Mimi nina wajukuu wanaojua kutafuta kwenye intaneti, Yoeli."

Akachovya, akala, hakuharakisha. "Programu ilifuta," akasema. "Tiki nayo iliwekwa na programu?"

"Ungeandika wewe sasa. Wewe hukukubali. Watakuamini."

"Mimi sikuwepo. Herufi zilizopo ni zako." Akaanza kuwataja, taratibu, akikunja vidole, boma kwa boma, nyumba ya pili, nyumba ya tatu, Mbumi, Nyemo, na wengine niliokuwa nimewasahau. Akafika kumi na tisa, akakwama. Akaniangalia kama tulipokuwa sakafuni, karatasi katikati, akingoja nimalizie. Nilijua sita. Nikawataja. Wote walitimia, ishirini na tano, na hakuna aliyebaki wa kugombania.

Mkewe akaja kuondoa chungu. Nikatoa karatasi kwenye mkoba, nikaiweka gotini, kalamu nikaishika na sikuanza. Nimeandika namba maelfu maishani mwangu na sijawahi kuandika barua ya aina hii, wala sijui wenye heshima zao huiandikaje.

"Sipatani bei tena," nikamwambia. "Nishauri tu, kaka. Barua ya kwenda kwa yule binti niianze na kosa, au niianze na jina langu?"